Jinsi Tulivyowasomea Watu Maneno Mekundu

Nilipokuwa mtoto Biryogo, mtaa wa Waislamu hapa Kigali, maalim wetu wa chuo cha Kurani hakuwa mtu wa maneno mengi. Ulikuwa unampelekea ubao wako umeandika aya kwa wino wa masizi, macho yake yanapita kulia kwenda kushoto, halafu anachukua kata na kumwaga maji. Ubao wote. Hakuambii umekosea herufi ipi wala mstari upi. Unabaki umeshika ubao mtupu, maji meusi yanakuchuruzikia miguuni, unarudi kwenye mkeka kuanza upya, na mara nyingi unakosea palepale, maana hakuna aliyekuonyesha. Rafiki yangu Idi alikuwa na akili ya biashara tangu utotoni: alikuwa anakosea makusudi kwenye neno la kwanza ili asichoke kuandika mengi kabla ya kumwagiwa. Leo Idi ana duka la mikeka, na bado hana haraka.

Sijui kwa nini naanza na maalim, Mungu amrehemu. Vijana wa Kinyinya waliniomba niwaandikie habari za kazi, wao wanaotengeneza fomu za kwenye kompyuta, na wenzao wanaokaa kwenye meza za huduma na kuwajazia watu. Nilipokaa na kalamu, kilichokuja kwanza ni ile kata ya maji. Basi nimeiacha hapo. Mwenye haraka aruke mistari.

Mimi nilikuwa fundi cherehani soko la Kimironko, upande wa vitambaa. Nilishona sare za shule, magauni ya harusi, na suti moja ya mchungaji ambayo mpaka leo naionea fahari ile kola. Macho yalipoanza kukataa tundu la sindano nilijifanya sioni kwamba sioni. Nikawa nawaita watoto wa jirani wanitungie uzi. Meza ya pili kutoka kwangu kulikuwa na mama mwenye kompyuta, mashine ya fotokopi na benchi la mbao. Jina lake Konsolata, lakini sokoni mtu mwenye mtoto hatumwiti jina lake. Alikuwa Mama Diane. Alikulia Mbarara, Uganda, akajifunza taipu huko ujanani, akarudi nyumbani na Kiswahili cha kule ambacho kila kitu kwake ni "iko". Mumewe alikuwa amefariki zamani, kama mke wangu mimi. Akishtuka anasema "banange", hata kanisani, nasikia.

Siku aliyoniita nilikuwa nimechoma kidole kwa sindano mara ya pili asubuhi ileile.

"Rajabu, acha kujitoboa. Kuja ukae huku kwa benchi. Mimi naandika, wewe unaongea."

"Nitaongea nini, Mama Diane? Mimi kompyuta siijui."

"Kompyuta iko yangu. Watu iko wako."

Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu. Niwaambie mapema, maana mimi si mtu wa kuficha na umri huu hauna faida ya kuficha: nilikaa pale kwa ajili ya fomu, na nilikaa pale kwa ajili ya aliyekuwa nyuma ya kibodi. Yeye upande wake wa meza, mimi upande wa benchi pamoja na mteja. Sikuwahi kutaka kiti kingine.

Siku ya kwanza alikuja bibi mmoja kutoka Kinyinya, kiwanja chake kinagawanywa kwa sababu nyumba mpya zimemzunguka kila upande. Mama Diane alimjazia yote, akabofya tuma, kiduara kikazunguka sana, halafu ukurasa ukarudi na maandishi mekundu ya Kiingereza. Nikamuuliza yanasema nini. Akanitafsiria kwa sauti ya chini: yanasema maelezo si halali.

Bibi alisikia. "Mimi si halali?"

Akaanza kukusanya kitenge chake aondoke. Sijasahau ile mikono, jinsi ilivyokuwa inakunja kile kitenge taratibu, bila hasira, kama mtu aliyezoea kukataliwa. Mama Diane akainuka, akazunguka meza, akamshika bega.

"Kaa, mukecuru wangu, bibi yangu. Jina lako wamelipokea. Mahali unakaa, wamepokea. Umri, wamepokea. Kumebaki kadogo tu hapa."

Bibi akakaa. Kilichobaki kilikuwa nambari ya kiwanja, imepungua tarakimu. Alipokwisha kwenda, Mama Diane akanigeukia akaniambia jambo ambalo ndilo elimu yangu yote: mtu mzima usimwambie amekosea mbele za watu. Mwambie kwanza kilichopokewa. Halafu mwonyeshe kwa kidole kilichobaki. Kwetu hapa mtu ukimwaibisha kwenye benchi la watu hatakuambia kitu, atasema "murakoze", asante, kwa adabu zote, ataondoka, na kiwanja chake kitabaki hivyo hivyo.

Kwa wale wapya niwaeleze kidogo, nilivyoelezwa mimi. Makosa ya fomu yapo ya aina mbili. Kuna ya hapo hapo mezani: umeandika herufi mahali pa nambari, kompyuta yenyewe inakukatalia kabla hujaenda popote. Hayo si kitu. Halafu kuna yale ya safari. Umejaza kila nafasi, fomu inatumwa mpaka kwenye seva, yaani kompyuta kubwa iliyo mbali, huko inalinganishwa na wanayoyajua wao: kitambulisho hiki kipo? kiwanja hiki ni cha huyu? mtu huyu alishaomba? Wakiona kasoro wanairudisha. Na jinsi wanavyoirudisha ndiyo ilikuwa kazi yetu sisi.

Nyingine zilirudi kama ubao wa maalim wangu, zimeoshwa zote. Nyingine zilirudi na nambari tupu, ya kwao wenyewe, ukidhani ni namba ya basi. Nyingine ziliandika maneno mekundu juu kabisa ya ukurasa, na wewe uko chini kabisa kwenye kitufe, huoni kitu, unadhani haijaenda, unabofya tena na tena. Nilimwona mwalimu mzima akibofya mpaka kipanya kikaanza kulia. Zile nilizozichukia kuliko zote ni zilizokuambia kosa moja moja. Unasahihisha, unatuma, unasubiri, linakuja la pili. Unasahihisha, linakuja la tatu. Kama mwenye nyumba anayekutajia masharti moja moja huku kitanda chako kiko barabarani.

Na picha! Fomu ikirudi, maneno yamebaki, picha uliyoweka imetoka. Mtu hajui, anatuma tena bila picha, inarudi tena. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba kompyuta hairuhusiwi kujichukulia faili la mtu mpaka mwenyewe alichague upya, na nikakubali, ni haki. Lakini si waseme.

Basi kiduara kikizunguka, tulikuwa tunaongea. Mtandao wa sokoni mchana ni mzito, na mimi nilikuwa nauombea uzito. Mama Diane alinisimulia Mbarara, ng'ombe wa baba yake, mashine ya taipu yenye herufi iliyokwama ambayo aliipigia barua za mapenzi za mwenzake wa ofisini. Mimi nilimsimulia Biryogo, na babu yangu aliyekuja na misafara ya biashara akisema atakaa mwezi. Mwezi wa Ramadhani Mama Diane hakula mbele yangu hata mara moja. Alikuwa anajificha nyuma ya mashine ya fotokopi na mahindi yake ya kuchoma, mimi namsikia akitafuna, nakohoa ili asijue nimesikia. Jumapili meza ilifungwa, yeye yuko kwaya. Sikujua cha kufanya na Jumapili. Nilikuwa natembea mpaka Gisozi kutazama watu wakipiga randa vitanda ambavyo sikuhitaji.

Gisozi imenikumbusha Gatera. Huyu ni fundi seremala wa pale Agakiriro, kwenye karakana za mafundi, mtu mkubwa, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Alitaka kujiandikisha kwenye chama cha mafundi. Simu yake ilikuwa imevunjika, akaweka nambari ya mkewe. Tukatuma. Ikarudi, na safari hii maneno yalikuwa wazi kabisa, na Gatera alikuwa anasoma vizuri kuliko mimi, akainama juu ya bega langu: nambari hii ya simu tayari imeandikishwa na mwanachama mwingine.

"Mwanachama mwingine nani?" akauliza.

Nikajifanya nasoma upya. Mama Diane akapanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Muzehe, nakuuliza. Simu ya mke wangu iko na mwanachama gani?"

"Fomu haisemi, fundi."

"Haisemi? Imesema nusu! Afadhali ingenyamaza yote."

Akaondoka na vumbi lake. Watu kwenye benchi wakatazama viatu vyao, mmoja akacheka puani. Ikaja kujulikana kwamba mwanachama mwingine ni mkewe mwenyewe. Alikuwa amejiandikisha kimyakimya kushona foronya na mito ya makochi, anangoja ajue kama itafaa kabla ya kumwambia. Walikaa wiki nzima hawasemezani, kisha wakaja pamoja, mama yule akiwa na foronya ya zawadi ya benchi letu. Tangu siku ile Mama Diane aligeuza kioo cha kompyuta kimtazame yeye peke yake, na mimi nikawa nasubiri macho yake. Akiinua nyusi moja, ni kitu kidogo. Akivua miwani, ni kitu cha kumwita mtu pembeni.

Nilijua kusoma macho yale. Kwa kweli sikuwahi kusoma kitu kingine vizuri hivyo.

Halafu akaja Yves. Kijana wa Kinyinya, yeye na wenzake wana ofisi ndogo ghorofani, chini yake mafundi wanachanganya zege mchana kutwa. Walikuwa wamepewa kazi ya kutengeneza upya fomu tulizokuwa tunazijaza sisi kila siku. Aliomba kukaa kwenye benchi atazame. Tukadhani atachoka kabla ya chai. Akakaa, akarudi kesho yake, na kesho kutwa akaja na mandazi. Alikuwa anaijua kazi yake kijana yule: kosa litaandikwa chini ya nafasi yake, si juu mbali, uliyoandika yatabaki, makosa yote yatarudi kwa pamoja, na juu kutakuwa na mstari wa kukuambia zimebaki nafasi ngapi, ukiugusa unakupeleka. Yote hayo alikuwa nayo tayari. Alichokosa ni kitu kimoja.

"Mzee Rajabu, mimi nimeandika hapa 'Thamani si sahihi'. Nikiwasikiliza nyinyi, hamjawahi kumwambia mtu hivyo. Mkipata jekundu, mnasemaje?"

"Inategemea mtu."

"Mimi sitamwona mtu. Nipe ya watu wote."

Nikamtazama Mama Diane. Alikuwa amevua miwani.

Yves alipokwenda kununua maji, akasema, "Unajua akishaweka maneno yako ndani, watu hawatakuja kwa benchi."

"Najua."

"Watajaza kwa simu zao, nyumbani."

"Najua, Mama Diane. Wewe unasemaje?"

Akachukua kitambaa akafuta miwani ambayo haikuwa na kitu. "Mimi nasema mpe. Iko wamama hawawezi kufika Kimironko, mgongo hauwaruhusu. Mpe. Lakini benchi ikiisha, mimi naenda kwa Diane, Mbarara. Ananiita tangu zamani, amenijengea chumba. Nimemwambia ngoja kwanza fomu iishe." Akavaa miwani. "Labda kuwe na mtu ana sababu ya mimi kubaki."

Kulikuwa na fomu ya mtu imetumwa. Kiduara kilikuwa kinazunguka.

"Mtandao umelala leo," nikasema.

"Eeh," akasema. "Umelala."

Tulianza siku ileile kumpa Yves maneno, na niseme ukweli wangu, hizo ndizo siku nilizocheka kuliko zote maishani. Yves anasoma kosa moja kutoka kwenye orodha yake, mimi nasema ninavyosema, Mama Diane anakata.

"Kitambulisho hakijapatikana."

"Mama," nikasema, "kitambulisho chako tumekitafuta hatujakiona. Hebu kishike mkononi, tusome pamoja tarakimu moja moja."

"Mzee, hiyo haiingii kwenye simu ndogo. Na mtumiaji anaweza kuwa mwanaume."

"Basi toa mama."

"Toa na pamoja," akasema Mama Diane. "Pamoja na nani? Atakuwa peke yake huyo."

Yves akalifuta lile neno bila kututazama.

Tulibishana. Yves alitaka "tafadhali" kila mahali, Mama Diane akamwambia tafadhali nyingi ni za mtu anayetaka kukopa. Kwenye nambari ya simu nilisimulia habari ya Gatera, Yves akacheka mpaka akakohoa mandazi, kisha akaandika: nambari hii haiwezi kutumika hapa, weka nyingine, au kama ni yako gusa hapa tukusaidie. Bila mwanachama mwingine. Nikamwambia pia asitegemee wekundu peke yake. Kulikuwa na mchomeleaji wa Gisozi aliyekuwa hatofautishi nyekundu na kijani, kwake ukurasa wote ulikuwa udongo. Akaweka alama na neno kando ya rangi. Kwenye picha tukaandika: maandishi yako yote yapo, picha tu ndiyo uichague tena. Na pale juu, mahali pa kusema fomu ina makosa, wakaweka ya Mama Diane: tumepokea mengi, kumebaki kidogo. Kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, na kwa hizo lugha nyingine za wasomi.

Kila neno nililolitoa niliona benchi linapungua. Sikutaka kulizuia. Ningewezaje? Bibi wa kitenge alikuwa bado yuko kichwani mwangu. Lakini nilikuwa natoa polepole. Yves akidhani nafikiri sana.

Siku ya kuijaribu alikuja mchana, jua la baada ya mvua, nyanya za akina mama zimeoshwa zinang'aa. Benchini alikuwepo mama mmoja muuza vitambaa, tunamfahamu, anataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Yves akamwomba ajaze mwenyewe kwa simu yake, sisi tusiseme kitu. Mimi nikakaa pembeni yake, mikono mapajani, kama mtu aliye kwa kinyozi. Akajaza, akitumia kidole kimoja. Akagusa tuma. Kiduara kilizunguka kidogo tu, walikuwa wamekirekebisha na hicho.

Ikarudi. Nikaona rangi kwa jicho la pembeni. Kinywa changu kikafunguka chenyewe, Mama Diane akanikanyaga mguu chini ya meza.

Yule mama akasoma, midomo inacheza. Akatabasamu. "Eh! Kumbe tarehe nimeweka ya leo. Nimemzaa mtoto asubuhi hii!" Akacheka, akasahihisha, akachagua picha tena kama alivyoambiwa, akatuma. Ikapita. Akainuka, akakung'uta sketi, akatuaga na kwenda kwenye vitambaa vyake. Hakuwa ameniuliza kitu.

Yves alikuwa na furaha, alinikumbatia, alimkumbatia Mama Diane, akapiga simu Kinyinya akipiga kelele kushinda soko. Akaondoka kwa pikipiki, kofia ya chuma imekaa upande.

Tukabaki wawili. Mama Diane akazima kompyuta, na haikuwa saa ya kuzima.

"Imekuwa nzuri," akasema.

"Nzuri sana."

"Diane anakuja na gari Jumamosi, atachukua na mashine."

"Fotokopi ni nzito. Awe na mtu wa kumsaidia."

"Iko watu."

Akakunja waya wa kompyuta, akaukunjua, akaukunja tena vizuri zaidi. Sokoni watu walikuwa wanapita na mafungu yao ya mchicha, mtu akituita kwa majina tukamjibu wote pamoja. Yeye ni wa kanisani na mimi wa msikitini, watoto wake wakubwa, wangu wakubwa, na mimi ni mzee wa kuchekwa. Hayo yote niliyapanga kichwani, moja baada ya jingine, nikayaona yote ni ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa linatosha.

"Rajabu," akasema. "Huna la kuniambia?"

Mimi, ambaye watu walinijia wenyewe niwape maneno.

"Fomu ni nzuri, Mama Diane," nikasema. "Watu watapata nafuu."

Akanitazama. Hakuinua nyusi wala hakuvua miwani. "Haya. Kesho utakuja?"

"Nitakuja."

Nikavaa kofia yangu, nikapita kwenye vitambaa, nikapita kwa mafundi cherehani wenzangu wa zamani, mmoja akaniuliza mbona mapema, nikampungia mkono. Nikatoka lango la upande wa pikipiki, nikavuka barabara, na Kimironko sijarudi tena.